Rukuba Ndani ya Kompyuta ya Thadeo

Mdogo wangu Thadeo hakai. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe ukimwambia hivyo anacheka. Seminari alienda, mwaka wa tatu akarudi nyumbani Kiriba na sanduku lake, akasema maisha ya kengele yamemshinda. Chuo cha ualimu akaacha ikiwa imebaki mitihani ya mwisho. Mitihani tu, jamani! Akaendesha bodaboda, akachomelea mageti, akafuga kuku wakafa, akasema kuku hawana shukrani. Sasa ana miaka thelathini na minne na yuko Bunda, kwenye kibanda karibu na stendi, anatengeneza simu na kompyuta. Hata hapo usifikiri ametulia. Akikaa, goti linacheza. Chai anaiacha nusu. Unamweleza habari ya msiba, yeye anafungua skrubu za rimoti yako.

Mimi ni Tereza, dada yake. Nimembeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kusema. Nakaanga samaki Buhare, pembeni ya barabara, na mtu yeyote anayenunua sato pale atakwambia samaki wangu ni wazuri ila mdomo wangu ni mbaya. Nakubali yote mawili. Baba yetu, mzee Bernado, anaishi kwangu tangu mama alipofariki.

Mambo ya kompyuta yalianza mwaka juzi. Jamaa mmoja aliyekuwa anahama kikazi alimwachia Thadeo kompyuta ya kukunja iliyokufa, akamwambia, "Ukiifufua ni yako." Thadeo akaifufua, isipokuwa betri. Betri yake mpaka leo haifiki robo saa, lazima iwe imechomekwa kwenye umeme. Ndani akakuta mchezo wa kujenga bustani za burudani. Unapewa shamba tupu. Unachonga vilima, unachimba ziwa, unaweka bembea, gurudumu kubwa la kupandisha watu, treni zinazopindua watu vichwa chini. Halafu vijitu vidogo vinaingia getini vinatembea. Vikifurahi vinatabasamu. Ukisahau kuweka choo vinanuna vinaondoka.

"Mtu mzima unachezea midoli," nilimwambia.

"Dada, hii siyo midoli. Hii ni kazi ya akili."

"Akili ungeipeleka kwenye mitihani ya chuo."

Akacheka, goti linacheza. Basi, nikaacha. Nilidhani miezi miwili ataitupa kama alivyotupa mengine. Haikutupwa. Kumbe wako wengi wanaojenga hivyo vitu, Musoma, Bunda, Tarime, hadi Butiama, na wana grupu lao la WhatsApp. Kila Jumamosi mmoja anaweka picha za bustani yake, na wenzake wanamchambua. Thadeo ndiye aliyewapa jina la hiyo kazi, kwa kuniangalia mimi nikitoa samaki magamba na kisu changu mlangoni. Wanaiita kuparua. "Leo zamu ya nani kuparuliwa?" Sheria yao ni moja: kila mtu aanze na kitu cha kutoa. Huruhusiwi kusema nzuri, nzuri, ukakimbia. Unaandika "Toa" halafu unataja. Na siku bustani ikikosa kabisa gamba la kutoa, wanaandika neno moja tu, kama samaki aliye tayari kupikwa: "Sufuriani." Hapo mwenye bustani anatembea kifua mbele wiki nzima.

Thadeo hakuwahi kutiwa sufuriani. Alijenga bustani saba na zote saba alizibomoa. Wakimwambia toa nguzo hii, anatoa nguzo, anaona paa halikai, anatoa paa, mpaka Jumanne amebaki na shamba tupu. Nicolaus, fundi seremala wa Butiama ambaye ndiye mkubwa wa lile grupu, aliwahi kumwandikia: "Bwana Thadeo, tumekuambia uparue, siyo umtupe samaki."

Nilicheka siku nzima. Nilimsomea mpaka Tata, naye akacheka. Tata ndivyo tunavyomwita baba.

Sasa nimseme Tata. Miaka ishirini na sita alivua dagaa kisiwani Rukuba. Alikuwa na kambi upande wa mawe, nyumba tatu za nyasi, na mama yetu Nyangi alikuwa naye hapo, anaanika dagaa juu ya jiwe moja bapa kubwa kama uwanja. Mimi na Thadeo utoto wetu ni huo, kufukuza ndege kwenye dagaa kwa fimbo. Ile kambi haipo tena. Nyasi zilioza, watu wakahama, na mgongo wa Tata hauwezi tena kukaa ndani ya boti hata nusu saa. Halafu yakaja macho. Daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwisha kuondoka hakirudi, matone ni ya kuchelewesha tu. Jicho la kushoto likaenda mwaka jana. La kulia likabaki na kitundu katikati, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Hakulalamika. Mzee wangu ni mkorofi, analalamikia chumvi, analalamikia redio, lakini macho hakuwahi kuyalalamikia. Ila Jumapili moja ya Januari Thadeo alikuwa amekuja kula, na Tata akasema, hivi hivi, mkono uko kwenye ugali:

"Haya macho yatafunga. Sawa. Ila ningeiona Rukuba yetu mara moja, ile ya mama yenu, ningeyaruhusu yafunge."

Nilimtazama Thadeo. Goti lilikuwa limesimama.

Wiki tatu hakuonekana. Simu anapokea anasema "niko bize dada" anakata. Mimi nikaanza kupata wasiwasi, maana Thadeo kukaa kimya ni dalili ya kuacha kitu kingine tena. Alhamisi moja nilikuwa na shughuli Bunda, nikapita kibandani kwake bila taarifa. Wateja wanapiga kelele nje na simu zao, yeye ndani amejifungia. Nikagonga kama polisi. Akafungua, macho mekundu, akanivuta mkono: "Njoo uone."

Nikaona Rukuba. Nisikudanganye, nilikaa chini. Mawe yale yale, yamepangwa vile vile, lile lenye mgongo na lile linaloinama majini. Nyumba tatu za nyasi. Nyavu zimetundikwa. Mlangoni kwa mama, kanga nyekundu imeanikwa, sijui aliipata wapi humo ndani. Na jiwe la kuanikia, bapa, limetandazwa vitu vidogo vidogo vinavyong'aa, dagaa kabisa. Kwenye ziwa giza totoro, na huko mbali taa moja moja za wavuvi. Nikajifanya nakohoa.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema tu, "Thadeo, umeiweza, mlete Tata." Sikusema. Nilikuwa nimemzoea mdogo wangu kwa kuacha mambo nusu, nikaogopa. Nikaona vile vijitu vya kwenye mchezo vimesimama getini vimenuna, nikapata pa kushika.

"Mbona watu wako wamenuna?"

"Wanakwama kwenye mawe."

"Basi hujamaliza. Usimpelekee Tata kitu kibichi. Mzee ana nafasi moja tu ya kuona. Peleka kwanza kwa wenzako wakuparue."

"Dada, hii sitaki..."

"Wewe kila kitu hutaki! Ndiyo maana hujawahi kumaliza hata kimoja."

Jumamosi akaziweka picha kwenye grupu. Juu yake akaandika maneno matatu: "Bustani ya Rukuba." Hakuandika kingine.

Wakamparua. Nilikuwa nimemwambia anitumie kila wanachosema, na alinitumia. Nicolaus: "Hongera, mkono umekomaa. Toa mawe, nyoosha njia, wageni wanakwama." Happyness, binti mmoja wa hapa Musoma anayechora mabango: "Toa giza! Weka mbalamwezi, ziwa ling'ae, picha itakuwa kali." Samweli wa Tarime: "Toa vibanda vya nyasi, weka gurudumu. Bustani bila gurudumu ni kambi." Na Thadeo kila mmoja anamjibu, "Sawa mkuu."

Jumamosi nne mfululizo. Safari hii hakubomoa. Alikuwa anatoa kimoja, anaweka kimoja, kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake, na mimi nikamsifu, tena kwa sauti: endelea hivyo hivyo, unaona sasa, ukisikiliza watu unafika. Kila asubuhi namtilia Tata matone, namuuliza anaona vidole vingapi, na kila wiki inabidi nisogee karibu zaidi. Nampigia Thadeo: fanya haraka. Ananiambia: bado kidogo. Nampigia tena kesho. Usingizi sina, samaki naunguza, wateja wanalalamika nawafokea. Jumamosi ya nne akanipigia yeye, anapiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Dada! Sufuriani! Wote! Hata Nicolaus!"

Kesho yake Jumapili, baada ya misa, akaja Buhare na kompyuta, amevaa shati la sikukuu. Nikafunga biashara. Tukamkalisha Tata kwenye kiti chake, tukasogeza meza, tukachomeka waya. Tata akasogeza uso mpaka pua inakaribia kioo, akageuza kichwa kidogo ili kile kitundu chake kipate pa kupita. Akaangalia kona moja, akahamia nyingine. Polepole. Thadeo alikuwa amesimama nyuma yake na mikono kichwani.

"Hapa ni wapi?" Tata akauliza.

"Rukuba, Tata."

"Mmh." Akaendelea kuangalia. "Hizi taa ziwani?"

"Wavuvi wa dagaa."

"Na huu ni mwezi?"

"Ndiyo, Tata."

Tata akajivuta nyuma. "Mwezi mpevu namna hii wanavua nini? Dagaa anafuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa hivi sisi tulikuwaga tunalala, tunashona nyavu. Hawa ni wavuvi wa wapi?"

Jamani. Mimi nimezaliwa na baba mvuvi wa dagaa. Thadeo amezaliwa na baba mvuvi wa dagaa. Siku zote mwezi ukiwa mkubwa Tata alikuwa nyumbani, ndizo siku tulizokuwa tunachapwa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

"Mama yenu anaanikia wapi?" Tata akauliza tena. "Jiwe lake silioni. Na hili gurudumu ni la nini, mashine ya kusaga?"

Halafu akapapasa, akaupata mkono wa Thadeo, akaushika. "Ni pazuri, mwanangu. Pazuri sana. Ila mimi hapa sijawahi kufika."

Thadeo akatoka. Chai akaiacha nusu, hilo ni la kawaida yake, ila safari hii aliacha hata kompyuta. Nilimkimbilia mpaka barabarani.

"Rudisha ile ya kwanza! Ile uliyonionyesha!"

"Haipo."

"Haipo kivipi?"

"Nilikuwa nahifadhi juu yake, dada. Kila wiki juu ya ile ile, na picha zake nilishazifuta kwenye simu. Haipo." Akaondoka, na siku mbili simu yake haikupatikana.

Mimi hasira zangu haziwezi kulala ndani. Siku hiyo hiyo nilichukua namba ya Nicolaus kwenye zile jumbe alizokuwa ananitumia Thadeo, nikampigia, nikamwambia nakuja, akanielekeza bila kuuliza mimi ni nani. Jumanne nikaenda Butiama. Njia nzima napanga matusi. Nikamkuta kwenye karakana yake, anapiga randa mlango, mtu mpole mwenye miwani imefungwa na uzi. Nikamwaga yote. Nikamwambia nyie watu wa magurudumu mmemuulia mdogo wangu kazi pekee aliyowahi kumaliza, mzee anapofuka, nyie mnaandika toa toa toa, mnajua nini nyie, mmewahi hata kulala Rukuba?

Akaniacha mpaka pumzi ikaisha. Akanifutia kiti maranda. "Karibu ukae, mama. Huyo mzee ndiye nani?"

"Baba yetu! Ndiye aliyejengewa!"

Nicolaus akavua miwani. "Hakutuambia."

"Nini?"

"Thadeo hakutuambia kwamba anamjengea mtu. Aliandika bustani ya Rukuba. Sisi tukaparua kwa ajili ya wageni wa getini, wale wanaotaka gurudumu. Angesema ni ya mzee aliyekaa hapo, mimi ningemwandikia: toa sisi. Mtu akija hapa anataka mlango, swali langu la kwanza ni nani atapita. Sikumuuliza. Hilo ni kosa langu."

Nikataka kuendelea kufoka nikakuta sina cha kufokea. Maana mimi nilijua. Wao hawakujua ni ya nani, mimi nilijua, na mimi ndiye niliyesema peleka kwa wenzako. Nilimwambia hivyo yule fundi, pale pale, nikiwa nalia kwenye karakana ya mtu nisiyemfahamu.

Akachukua simu yake, akatafuta, akanipa. Zilikuwa picha zile za kwanza. Mawe, kanga nyekundu, jiwe la mama, giza.

"Huwaga natunza picha za kwanza za kila mtu," akasema. "Watu wanajutaga. Mwambie akae na mzee, ndiye amparue."

Sikumpigia Thadeo, maana hapokei. Nilishuka Bunda nikamkuta amelala chini ya meza ya kibandani. Nikamvuta mguu. Nikamwonyesha picha. Halafu nikamwambia neno ambalo kwenye ukoo wetu halitokagi mdomoni kirahisi: "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuharibia."

Akanitazama kama vile nimeongea Kichina. "Haya, dada," akasema. "Jicho linaona kiasi gani?"

"Kidogo. Twende leo."

Akafunga kibanda. Akahamia kwangu na begi moja, akaanza upya. Tata anakaa kiti chake, Thadeo kwenye stuli ubavuni, na picha za Nicolaus ziko kwenye simu. Kuanzia asubuhi nasikia: Toa. Sogeza. Siyo hapo. Thadeo alikuwa amemweleza sheria za grupu, kuparua na sufuriani, na mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mnaparua samaki ambaye hamjamvua!" Lakini akaipenda ile kazi, akawa mkali kuliko Nicolaus na Samweli wote. Toa hiyo nyasi, ya mama yenu haikuwa ndefu hivyo, mvua ya masika iliila. Jiwe la kuanikia lipandishe, ziwa likijaa linafika hapo. Ndege wako wapi? Dagaa bila ndege umeona wapi wewe?

Wiki ya kwanza alikuwa akisogeza uso mpaka anaacha alama ya pua kwenye kioo, nami nafuta na kanga. Thadeo hakutoka, isipokuwa kununua vocha. Wiki mbili nzima mtu huyu alikaa kwenye stuli! Nilikuwa napita na beseni langu la samaki namchungulia, siamini. Ila mimi mwenyewe sikutulia hata kidogo. Kila asubuhi kwenye matone nauliza vidole vingapi, na Tata akaanza kukasirika: "Wewe Tereza, mimi si mtoto wa chekechea, niache nina kazi." Nikaacha kuuliza. Nilifurahi kuacha, nikiwa mkweli. Niliogopa jibu.

Wiki ya pili hakuwa anasogeza uso tena. Alikuwa ameegemea nyuma, mikono juu ya fimbo. Nikadhani mgongo umemchosha. Thadeo anamwambia, "Nimeweka ndege, Tata, watano," naye anasema, "Naona, mmoja mtoe, ni mnene mno." Thadeo anatoa. Tunacheka wote.

Jumatano, saa tisa alasiri, nilikuwa nimekaa kizingitini naparua sato. Umeme ukakatika. Redio ya jirani ikanyamaza. Thadeo akasema, "Tuna robo saa ya betri, Tata, tuwahi, imebaki kanga tu," vidole vikaanza kukimbia. Nikasimamisha kisu kuangalia. Akaning'iniza ile kanga nyekundu mlangoni kwa mama. Akaigeuza kidogo. Akahifadhi, nilisikia ile sauti. Akashusha pumzi, akafungua mdomo kumwambia Tata imekamilika, na kabla hajasema kompyuta ikazima. Kioo kikawa cheusi tii. Nilijiona mwenyewe humo ndani, na kisu changu, na mlango nyuma yangu.

Tata alikuwa bado anakitazama.

"Safi," akasema. "Sasa umetoa mwezi. Giza la dagaa ndilo hili."

Thadeo hakusogea.

"Ile taa ya tatu kutoka kushoto ni mimi." Tata alinyoosha kidole, akagusa kioo, karibu na kona. "Huyu hapa wa pili ni marehemu Baltazari, alikuwaga hapendi kukaa mbali na watu. Na mama yenu ameshaamka, si unaona? Ameshika ufagio, anafagia jiwe kabla hatujarudi. Kanga umeiweka vizuri. Hapo usiguse tena, mwanangu, nakujua wewe, mikono inakuwasha. Usiguse."

Nikataka kusema. Nina mdomo unaojulikana Buhare nzima, neno lilikuwa limefika kwenye meno: Tata, imezima, tangu lini huoni, kwa nini hukusema? Thadeo akageuka akanitazama. Machozi yanamtoka, anatikisa kichwa: hapana, dada. Nikalimeza lile neno. Magamba ya sato yalikuwa yamenigandia mikono yote miwili, nikawa nayaangalia hayo.

"Mbona kimya?" Tata akauliza. "Kwenu mkimaliza mnasemaje? Lile neno lenu."

"Sufuriani, Tata."

"Haya. Mtieni sufuriani."

"Nimetia, Tata," Thadeo akasema. Goti lake lilikuwa limetulia. Akauchukua mkono wa mzee uliokuwa bado kwenye kioo, akaushika, wakakaa hivyo wote wawili wakitazama kile kioo mpaka umeme uliporudi, na hata uliporudi Thadeo hakuinuka kuiwasha kompyuta.